Jinsi ya kuitambua mapema homa ya uti wa mgongo kwa mtoto na kuyafuatilia matibabu yake

Mzazi anayesubiri shingo ya mtoto ikakamae ndipo ampeleke hospitali huenda akawa amechelewa. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria huanza kama homa nyingine yoyote ya utotoni, kwa joto la mwili, kutapika, kukosa hamu ya kula na pengine mafua kidogo, kisha ndani ya saa chache au siku moja au mbili mtoto aliyekuwa akicheza hushindwa hata kufumbua macho. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mtu 1 kati ya 6 wanaougua aina hii hufariki, na 1 kati ya 5 hubaki na madhara makubwa. Mwongozo huu ni wa mzazi na mlezi. Unaeleza cha kutazama nyumbani, cha kufanya kabla ya kufika hospitali, cha kutarajia wodini, na yale ambayo familia nyingi huyasahau baada ya mtoto kuruhusiwa.

Kinachotokea ndani ya kichwa

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando wenye tabaka tatu, na ndani ya utando huo mnazunguka maji angavu yanayoukinga ubongo dhidi ya mitikisiko. Bakteria wanaosababisha ugonjwa huu mara nyingi hukaa puani na kooni mwa watu wenye afya bila kuwadhuru. Taabu huanza pale wanapopenya na kuingia katika damu, wakavuka hadi kwenye maji hayo, ambako chembe za kinga ni chache mno, wakazaana bila kizuizi. Mwili unapoanza kupambana nao, utando huvimba, usaha hujikusanya, na shinikizo hupanda ndani ya fuvu ambalo halina nafasi ya kutanuka. Sehemu kubwa ya madhara hutokana na uvimbe na shinikizo hilo wala si sumu ya bakteria peke yake, na kwa sababu hiyo dawa iliyotolewa mapema huokoa mengi ambayo dawa ileile, ikitolewa siku moja baadaye, haiwezi kuyarudisha.

Aina ya bakteria hutegemea umri. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja hushambuliwa zaidi na streptokokasi wa kundi B na bakteria wa utumbo waitwao E. koli, ambao aghalabu huwapata kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa, na mara chache listeria. Baada ya umri huo wanaotajwa zaidi ni nyumokokasi, meningokokasi na hemofilasi wa aina ya b, ambaye kwa kifupi huitwa Hib. Si lazima mzazi ayakariri majina haya, ila ni vyema amuulize daktari ni lipi lililopatikana, kwa kuwa ndilo litakaloamua idadi ya siku za sindano na kama watu wa nyumbani nao watahitaji dawa.

Namna ya kumtazama mtoto

Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo dalili zinavyokuwa za kificho. Kwa mtoto wa miezi ya mwanzo, kukakamaa kwa shingo mara nyingi hakupo kabisa, na hata homa inaweza kukosekana. Badala yake mwili unaweza kupoa kuliko kawaida. Kinachoonekana ni mabadiliko ya tabia: anaacha kunyonya au ananyonya kidogo na kuchoka, analala kupita kiasi na ni vigumu kumwamsha, analegea kama kitambaa, anapumua kwa kusitasita, au anatapika kila anachopewa. Mama ndiye anayelijua jambo hili kuliko mtu yeyote, na kauli yake kwamba mtoto huyu leo si yule wa jana inastahili kuchukuliwa na mhudumu wa afya kwa uzito uleule unaopewa kipimajoto.

Sikiliza kilio. Kilio cha njaa hupanda na kushuka na hutulia mtoto anapobebwa. Kilio cha ugonjwa huu mara nyingi ni chembamba, cha sauti ya juu isiyobadilika, au ni mguno dhaifu usiokoma. Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni hili: mtoto analia zaidi unapomwinua, unapombadilisha nepi au kumkunja miguu, na anatulia kidogo ukimlaza bila kumgusa. Hali hiyo ni kinyume cha kawaida, kwa sababu kila mjongeo huuvuta utando uliovimba na kumwongezea maumivu. Mtoto anayechukia kubebwa asisubirishwe hadi kesho yake.

Kisha gusa utosi. Mahali palipo laini mbele ya kichwa huwa wazi hadi karibu umri wa miezi 12 hadi 18, na pana faida kubwa kwa mzazi anayejua kupagusa. Mkalishe mtoto wima akiwa ametulia, kwa sababu kulia na kulala chali hupafanya pajae hata kwa mtoto mzima, halafu pitisha ncha za vidole polepole. Katika hali ya kawaida panakuwa sawasawa na mfupa au pamebonyea kidogo, na pengine utahisi mapigo. Pakiwa pamevimba na kukaza ilhali mtoto amekaa wima na halii, hiyo ni dharura. Hata hivyo, utosi ulio wa kawaida hauuondoi ugonjwa, maana uvimbe huo huja kwa kuchelewa, na mtoto aliyeishiwa maji kwa kutapika anaweza asiwe nao kabisa.

Mtoto aliyevuka mwaka mmoja na nusu huanza kuonyesha picha inayofahamika zaidi, yaani maumivu makali ya kichwa, kutapika, kuukwepa mwanga, shingo kukaza, usingizi usio wa kawaida na kuchanganyikiwa. Ili kuipima shingo, usiukunje mwili wa mtoto kwa nguvu. Mwombe aguse kifua kwa kidevu, au akitazame kitovu chake. Aliye mdogo mwekee kitu anachokipenda mapajani na uone kama atainamisha kichwa au atageuza kiwiliwili chote. Madaktari wana vipimo vyao vya kuinua mguu na kuinamisha kichwa, ambavyo vimetumika kwa zaidi ya miaka 100, lakini nao wanajua kwamba visipoonyesha kitu haimaanishi kwamba mtoto ni salama.

Vua nguo zote uichunguze ngozi chini ya mwanga mzuri. Meningokokasi anapoenea katika damu huleta madoa madogo mekundu au ya zambarau, ambayo kwa saa chache yanaweza kupanuka na kuwa mabaka. Bonyeza juu yake upande wa bilauri ya kioo angavu. Vipele vingi vya kawaida hufifia vikibonyezwa, bali madoa ya damu iliyovuja chini ya ngozi huendelea kuonekana kupitia kioo. Kwa ngozi nyeusi, yatafute viganjani, kwenye nyayo, ndani ya kope na juu ya kaakaa, ambako rangi ni hafifu. Ukiyaona, safari ya hospitali inaanza dakika hiyo. Usipoyaona, hujapata hakikisho lolote, kwa sababu watoto wengi wenye nyumokokasi au Hib hawapati madoa hata moja.

Degedege lina utata wake. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wanaweza kupata degedege la homa tu, lisilo na madhara ya kudumu, ambalo kwa kawaida huchukua dakika chache kisha mtoto akarudiwa na fahamu na kumtambua mama yake. Linapotokea kwa mtoto wa chini ya miezi 6, linapojirudia ndani ya siku moja, linapotikisa upande mmoja wa mwili, au linapomwacha mtoto akiwa mzito wa fahamu kwa muda mrefu, homa ya uti wa mgongo lazima ifikiriwe hadi itakapothibitishwa kuwa haipo. Kwa vyovyote vile, degedege la kwanza katika maisha ya mtoto ni sababu tosha ya kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Kabla ya kufika hospitali

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au aliyepoa isivyo kawaida, apelekwe bila kujaribiwa dawa yoyote nyumbani. Aliye mkubwa zaidi anaweza kupewa parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, ili apate nafuu ya maumivu. Lakini tahadhari na nafuu hiyo: homa kushuka baada ya dawa hakusemi lolote kuhusu chanzo chake. Mtazame mtoto baada ya joto kushuka. Akiwa bado amelegea, hachezi na hataki kunyonya, safari isiahirishwe.

Usimpe mabaki ya antibayotiki yaliyosalia kabatini, wala usinunue nyingine kwa kukisia. Kosa hili ni la kawaida mno na madhara yake ni makubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu dawa ya kunywa kwa kawaida haifiki kwenye maji ya uti wa mgongo kwa kiasi cha kutosha kuponya, ila inatosha kuwafanya bakteria wasiote maabara, na hivyo kumnyima daktari jina la adui anayepambana naye. Kama umeshampa, sema waziwazi; taarifa hiyo ni ya matibabu na haina uhusiano wowote na lawama.

Mtoto akishikwa na degedege njiani, mlaze kwa ubavu mahali pasipo na hatari, legeza nguo za shingoni, tazama saa, na usimtie kijiko, kidole wala dawa mdomoni. Likipita dakika 5 ni dharura kubwa. Aliye macho na anayeweza kumeza aendelee kunyonya, lakini asiye na fahamu asipewe kitu kwa mdomo.

Chukua kadi ya kliniki yenye orodha ya chanjo na dawa zote alizopewa. Ni vizuri pia kuandika kwenye karatasi saa homa ilipoanza, mara ngapi ametapika, lini amenyonya vizuri mara ya mwisho na degedege lilichukua muda gani, kwa sababu mbele ya meza ya mapokezi saa tisa usiku kumbukumbu huchanganyika. Taja pia kama mtoto ana selimundu, maambukizi ya VVU, jeraha la fuvu la karibuni au maambukizi ya sikio, maana watoto wa namna hiyo wako katika hatari zaidi. Ikiwa umeanzia kituo kidogo na mnapewa rufaa ya mbali, uliza kama mtoto amepata sindano ya kwanza ya antibayotiki. Miongozo ya matibabu inaruhusu sindano hiyo itolewe kabla ya safari, hata ya msuli pale mshipa unaposhindikana kupatikana, na swali lako la upole linaweza kuokoa saa kadhaa.

Kipimo cha maji ya uti wa mgongo

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Daktari anaomba ruhusa ya kuingiza sindano mgongoni, na mara moja jamaa wanakumbuka mtoto fulani aliyechomwa na baadaye akapooza au akafa. Watoto wa namna hiyo wapo kweli, lakini kilichowapooza au kuwaua ni ugonjwa uliofanya wachomwe. Sindano hupita kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali uti wenyewe unapokoma, ambapo panabaki nyuzi za neva zinazoelea majini na kuipisha sindano. Kinachochukuliwa ni matone machache katika vichupa vidogo, na mwili hutengeneza mengine kila saa.

Mtoto hulazwa ubavu, muuguzi akamkunja magoti na mabega yakaribiane ili pingili ziachane, na ngozi husafishwa na kutiwa dawa ya ganzi. Kazi yote huwa fupi. Maji ya kawaida hutoka angavu kama maji ya kunywa. Yakitoka na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele, daktari hujua kabla ya maabara kwamba kuna usaha. Maabara itahesabu chembe nyeupe, itapima sukari, ambayo bakteria huishusha, na protini, ambayo hupanda, itawatafuta bakteria kwa hadubini na kujaribu kuwaotesha. Sukari ya damu hupimwa wakati huohuo ili ilinganishwe. Hakuna kipimo kingine kinachoziba pengo hili: picha ya kichwa inaweza kuwa ya kawaida kabisa ilhali utando umejaa maambukizi, na mahali penye malaria, vimelea kuonekana katika damu hakuthibitishi kwamba ndivyo pekee vilivyomzimisha mtoto fahamu. Magonjwa hayo mawili hufanana sana kitandani, na mara nyingine hutibiwa kwa pamoja hadi majibu yapatikane.

Ziko hali ambazo daktari mwenyewe ataahirisha kipimo: mtoto aliye katika mshtuko, yaani ambaye damu haizunguki vya kutosha mwilini, anayepumua kwa shida, mwenye dalili za shinikizo kubwa kichwani, mwenye tatizo la kuganda kwa damu, au mwenye maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma. Kuahirisha kipimo hakuruhusu kuahirisha dawa. Sindano ya antibayotiki itolewe papo hapo, na damu ichukuliwe kwa ajili ya kuotesha bakteria kama inawezekana bila kuchelewesha. Mzazi akiona saa zinapita na hakuna lililofanyika, aulize.

Siku za wodini

Kwa watoto waliovuka umri wa uchanga, dawa inayotumika zaidi ni seftriaksoni. Kwa wachanga huanzwa mchanganyiko, kwa mfano ampisilini na jentamaisini au sefotaksimu, na seftriaksoni huepukwa kwa mchanga mwenye manjano au anayewekewa dripu yenye kalisi. Deksamethasoni, inapofaa, hutolewa kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki au pamoja nayo ili kupunguza uvimbe, na faida yake iliyo wazi zaidi ni kulinda usikivu wa mtoto mwenye Hib, lakini wachanga hawapewi.

Muda wa sindano humshangaza mzazi, kwa sababu mtoto anaweza kuanza kucheka siku ya tatu. Meningokokasi kwa kawaida huhitaji takribani siku 7, Hib siku 7 hadi 10, nyumokokasi siku 10 hadi 14, na mtoto mchanga siku 14 hadi 21 au zaidi. Kumtoa mtoto kabla ya muda kwa sababu amechangamka ni kuwaachia bakteria waliosalia nafasi ya kuanza upya mahali ambapo kinga haiwafikii vizuri.

Ukiwa pembeni ya kitanda una kazi. Asiyeweza kunyonya akamuliwe maziwa na kupewa kwa mrija wa puani, kwa kuwa sukari hushuka haraka kwa mtoto asiyekula. Usiombe dripu iongezwe kasi kwa imani kwamba maji mengi huponya, kwani maji ya ziada yanaweza kuuongeza uvimbe wa ubongo, ingawa mtoto aliye katika mshtuko huhitaji maji kwanza. Mwite muuguzi ukiona jicho moja limepanuka mboni kuliko jingine, pumzi zimebadilika, upande mmoja wa mwili umelegea, vidole vinatikisika kwa mpigo usiokoma, au mtoto aliyekuwa ameanza kuitika ameacha. Homa inaweza kuendelea kwa siku kadhaa hata dawa ikiwa sahihi. Ile iliyokwisha ikarudi ndiyo ya kuchunguzwa, kuanzia mahali penye sindano ya dripu hadi uwezekano wa maji au usaha kujikusanya juu ya ubongo.

Waliobaki nyumbani

Ugonjwa hauenei kwa kupita tu karibu na mgonjwa, bali kwa matone ya mate na kamasi kwa watu wanaokaa pamoja kwa muda. Ikiwa ni meningokokasi, waliolala nyumba moja na mtoto katika siku 7 kabla hajaugua hupewa dawa ya kinga mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24: siprofloksasini dozi moja, rifampisini kwa siku 2, au sindano moja ya seftriaksoni, kwa kadiri daktari atakavyochagua. Kwa Hib, rifampisini hutolewa siku 4 pale penye mtoto mdogo asiyekamilisha chanjo. Kwa nyumokokasi hakuna dawa ya kinga kwa familia.

Kagua kadi za watoto wengine siku hiyohiyo. Chanjo ya Hib na ya nyumokokasi zimo katika ratiba za nchi nyingi tangu wiki za mwanzo za maisha, na ya meningokokasi hutolewa kulingana na hatari ya eneo. Zimepunguza ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa, lakini kila moja hulenga aina zake, kwa hiyo mtoto aliyekamilisha chanjo zote naye apelekwe haraka akionyesha dalili zilizoelezwa hapo juu.

Baada ya kuruhusiwa

Usikivu upimwe kwa mashine kabla ya kutoka hospitali au ndani ya wiki 4, hata kama kila mtu nyumbani anaapa kwamba mtoto anasikia. Kupiga makofi nyuma yake si kipimo, maana huhisi upepo, huona kivuli, au husoma uso wa aliye mbele yake. Baada ya maambukizi, hasa ya nyumokokasi, mfupa unaweza kuanza kuota ndani ya sikio katika wiki chache na kufanya iwe vigumu kuweka kifaa cha kusaidia kusikia, kwa hiyo kipimo kinachoahirishwa hadi mtoto achelewe kuongea huja wakati nafasi hiyo imekwisha kupungua.

Mzingo wa kichwa cha mtoto mdogo upimwe kliniki kila anapohudhuria, kwa kuwa maji yanaweza kujikusanya wiki kadhaa baadaye. Kichwa kinachokua haraka kuliko mstari wa kadi, macho yanayoelekea chini na kutapika asubuhi ni sababu ya kurudi bila kungoja tarehe. Rudi pia kwa degedege jipya, kwa mkono au mguu usiotumika sawa na mwenzake, na kwa mtoto aliyekuwa akikaa au kutembea ambaye baada ya wiki chache bado hajalirudia jambo hilo. Aliye shuleni anaweza kuwa mchovu, mwenye hasira na msahaulifu kwa miezi kadhaa. Mwalimu aelezwe alichougua, na barua ya kuruhusiwa ihifadhiwe pamoja na kadi ya chanjo, ikiwa na jina la bakteria, dawa alizopewa, idadi ya siku na majibu ya kipimo cha usikivu.